Nzi Aliyetuzika

Nilicheka. Naandika neno hili bila kutetemeka, maana kwa miaka mingi nimeapa mbele ya shangazi zangu, wajomba zangu na paroko mmoja mwenye macho makali kwamba nilikuwa nalia. Ilikuwa Butembo, mashariki mwa Kongo, kwenye mazishi ya shangazi yangu mkubwa, wakati wa vita vya kwanza. Kwaya ilipoanza ule wimbo wa kuaga maiti, kichwa kiliniangukia magotini, mabega yakaanza kuruka, nikajifunika uso kwa kitenge. Waliokaa nyuma yangu waliona mabega tu. Wakasimuliana kwamba hawajapata kuona mtu aliyempenda shangazi yake kiasi kile. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kualikwa. Familia ambazo sikuzijua vizuri zilinitumia habari za matanga yao na kuniwekea kiti karibu na jeneza, mahali ambapo mabega yangu yangeonekana. Nilikwenda. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu na mshahara wa mwalimu ambao haukuja, na kwenye matanga kuna chakula.

Nilicheka kwa sababu nilijua ule wimbo umetoka wapi. Butembo nzima iliamini kwamba umeshuka mbinguni, au angalau Ulaya, kwa mkono wa Padri mmoja Mbelgiji aliyeishi kwetu zamani. Mimi nilijua kwamba umetungwa na babu yangu, kwa ajili ya nzi.

Nianze na babu. Sisi Wanande babu tunamwita Sokulu, na wangu alikuwa kiongozi wa orkesta na mtunzi wa muziki wa sinema. Nikisema hivyo mbele ya wanafunzi wangu wa leo wanaona ukumbi mkubwa, watu wenye suti nyeusi na mtu mmoja wa kuwapungia kijiti. Orkesta ya Sokulu ilikuwa na tarumbeta moja, yake. Baragumu mbili zilizotoka kambi ya jeshi bila kuaga. Kodiani lililopungukiwa na vitufe. Ngoma kubwa ya ngozi ya ng'ombe. Na safu ya chupa za bia zenye maji ya vipimo mbalimbali, ambazo mpigaji wake alihitaji kuchungwa asije akabadilisha kilichomo.

Tarumbeta alifundishwa misheni, alipokuwa mfupi mno kubeba matofali ya kanisa lililokuwa linajengwa. Bruda mmoja alimhurumia akampa kitu cha kupuliza ili wengine wabebe kwa mwendo mmoja. Kanisa lilipokwisha, matofali yalikwisha, mpulizaji akabaki. Walimpa wenzake wa kupiga naye, wakamwita chef, yaani mkuu. Wakapiga kwa maaskofu waliokuja na kwa maofisa wa serikali walioondoka, na Sokulu alisema hao wa pili ndio waliopigiwa kwa moyo.

Kisha Padri akaleta mashine ya sinema. Ilikuwa ya picha zinazosema, lakini barabara ya wakati ule ilikuwa na tabia ileile ya barabara ya leo, na mashine ilipofika Butembo sehemu ya kusema ilikuwa imekufa. Picha zilifungua vinywa na hakuna kilichotoka. Padri alijaribu kueleza kwa bomba la bati mpaka koo likamkauka. Jumapili iliyofuata alimwambia Sokulu akae na watu wake nyuma ya shuka ya kuonyeshea picha, apige chochote, mradi watu wasisikie jenereta.

Hivyo ndivyo babu yangu alivyoingia kwenye sinema: kwa mlango wa nyuma, na akabaki hukohuko. Mbele ya shuka palikuwa pa watazamaji. Orkesta iliona kila filamu kinyume, kushoto kuwa kulia. Sokulu alikufa akiamini kwamba Wazungu wote wanaandika, wanakula na kupeana mikono kwa kushoto, na kwamba Padri alijilazimisha kutumia ya kulia alipokuwa kwetu, kwa heshima. Nilijaribu mara moja kumweleza. Aliniuliza kama na mimi nilikuwepo nyuma ya shuka.

Alitunga kitu kwa kila filamu. Ile ya kulima kahawa ilipata muziki mtamu kiasi kwamba yeye mwenyewe alishawishika, na baadaye akaenda kufungua shamba la kahawa kule Kasugho, msituni. Nadhani ndiye mtu pekee aliyeamini filamu ile. Ile ya mahujaji wagonjwa ilipata ngoma polepole. Lakini iliyopendwa kuliko zote ilikuwa filamu ya afya, iliyokusudiwa kutufundisha kumchukia nzi. Ilishindwa kabisa. Nzi alitoka chooni, akatembea kwa adabu juu ya meza, akapanda sahani ya familia ya Kizungu iliyokuwa inasali. Watu walimpenda. Walimshangilia. Mama wa filamu alipotokea na sabuni, walimzomea.

Sokulu alimtungia nzi wimbo wake wa gwaride. Si mzaha, alimheshimu. Aliniambia alimwona kama mtu mfupi anayeingia kwenye karamu ambayo hakualikwa, na anayejua kwamba akisitasita atafukuzwa. Kwa hiyo wimbo unapanda haraka, kwa hatua fupi fupi, kifua mbele. Halafu katikati, ghafla, unanyamaza. Kimya kabisa. Kisha tarumbeta inatetemeka kidogo, na safari inaendelea mpaka kwenye mchuzi. Kile kimya, alisema Sokulu, ni pale nzi anaposimama ukingoni mwa sahani kusugua mikono.

Uhuru ulikuja, Padri akazeeka akarudi kwao, mashine ikaliwa na kutu, Sokulu akaenda kwenye kahawa yake. Nyuma yake, mtu fulani katika kwaya ya parokia aliukumbuka wimbo bila kukumbuka nzi. Katekista akauwekea maneno ya kumwombea marehemu. Wakaupunguza mwendo, wakaupunguza tena, mpaka ukawa unatembea kama watu waliobeba kitu kizito, na kweli walikuwa wamebeba. Kile kimya cha katikati wakakipatia maana: ni roho inayosimama kwenye kizingiti cha mbingu. Na ile tarumbeta inayotetemeka, ambayo sasa inaimbwa na akina mama wa sauti ya kwanza, ni roho inayotetemeka mbele ya Mungu. Kwenye kimya hicho kanisa lote huinamisha vichwa. Mimi nilikuwa nainamisha changu kwa sababu zangu.

Sokulu aliusikia kwa mara ya kwanza miaka mingi baadaye, aliposhuka kutoka Kasugho kuja kuzika rafiki. Alisimama katikati ya ibada akasema ni wake. Wakamketisha. Alipofika nyumbani hakulalamikia wizi hata kidogo. Alilalamikia mwendo.

"Banaimba pole pole sana," alisema. "Nzi ya vile itakufa mbele ya kufika ku sahani."

Vita vya pili ndivyo vilivyoifanya habari hii kuwa jambo. Watu wenye bunduki waliingia Kasugho, shamba la kahawa likapata wenyewe wapya, nyumba ikaungua, na humo zikaungua picha za orkesta na kila karatasi. Wenzake wa orkesta walikuwa wamekufa wote. Sokulu alikuja kuishi kwangu Butembo akiwa na tarumbeta ndani ya gunia na koti la mtu mwingine. Mji ulikuwa chini ya waasi, ambao wakubwa wao walibadilika kabla hatujazoea salamu zao, na tulizikana mara kwa mara kiasi kwamba kwaya haikuhitaji tena kufanya mazoezi. Sauti ya wimbo ilitoka kanisani asubuhi, ikapanda mtaani, ikaingia dirishani kwetu, na mzee aliyekuwa ameketi na kikombe cha chai alipiga goti lake kwa mwendo wa haraka, akiwatangulia, kama anayetaka wamfuate.

Ndipo mwalimu wa kwaya alipotangaza kwamba atachapisha kitabu cha nyimbo. Wimbo wa kuaga maiti utakuwa wa kwanza, na chini yake litaandikwa jina la Padri.

Sokulu hakuwa na tamaa nyingi. Shamba hakulitaja tena. Ila sasa alitaka kitu kimoja: jina lake liwe chini ya wimbo ule kabla hajaimbiwa yeye. Aliniomba niende naye kwa mwalimu wa kwaya kama mtu aliyesoma. Nilikuwa nimeshaulizwa na mwalimu huyo mara kadhaa kama madai ya mzee ni ya kweli, na kila mara nilijibu kwamba mzee amezeeka na mimi sijui lolote. Nilikuwa na sababu. Mama yangu alizikwa kwa wimbo ule. Tena nilifikiria nusu ya mji ikigundua kwamba imezikiwa ndugu zake kwa muziki wa nzi, nikafikiria ni nyumba ya nani wangeijia kwanza.

Lakini nilikwenda naye, kwa sababu angekwenda peke yake.

Mwalimu wa kwaya alikuwa mtu mrefu, mkavu, anayefundisha hesabu katikati ya wiki na sauti ya pili siku ya Jumapili. Alitupokea vizuri, akamwambia Sokulu kwa upole kwamba wimbo ni wa Padri na watu wote wanajua.

"Batu bote balikuwa mbele ya shuka," Sokulu akamjibu. "Mimi nilikuwa nyuma."

"Muzee, minaimbisha iyi wimbo tangu nilioa."

"Njo maana inalala."

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Alisema hawezi kubadilisha kitu kwa maneno ya mzee mmoja, alete shahidi. Sokulu alimweleza kwamba mashahidi wake wote wamekwisha kuzikwa, na kwamba yeye mwalimu ndiye aliyewaimbia, kwa wimbo huohuo. Hapo ndipo mwalimu alipomaliza ubishi, au alidhani ameumaliza. Padri yuko hai, alisema. Yuko Ulaya, katika nyumba ya mapadri wazee. Kama Padri akisema wimbo si wake, ataandika jina la Sokulu kwa mkono wake mwenyewe. Akisema ni wake, mzee akae kimya mpaka mwisho.

Sokulu alikubali kabla sijamkanyaga mguu.

Masista walitupatia njia ya kuifikia ile nyumba ya wazee, na ahadi kwamba kutoka huko wangepiga simu wao. Tatizo lilikuwa ni wapi wapige. Butembo simu za satelaiti zilikuwa zimekusanywa na wakubwa wa waasi, ambao walizihitaji kwa ajili ya kuambiana uongo. Ila Beni kulikuwa na msafirishaji mmoja Mwislamu, rafiki wa marehemu baba yangu, ambaye kila mtu alimwita Hadji. Malori yake yalibeba kila upande wa vita bila upendeleo, na simu yake haikuguswa. Nilipomtumia habari alijibu kwamba tuje. Aliongeza kwamba kwao wanazikana bila muziki wowote na marehemu bado wanafika, lakini kila mtu na njia yake.

Tuliondoka asubuhi kwa lori, juu ya magunia ya viazi: Sokulu, mwalimu wa kwaya aliyekuja kuhakikisha hatudanganyi, na mimi. Mwalimu alikuwa amebeba ukurasa wa kwanza wa kitabu chake ndani ya bahasha, ukiwa tayari kwa mchapaji. Mpaka tulipofika kijiji cha Kabasha baridi ilitushikanisha kama ndugu. Baada ya hapo barabara inashuka kuelekea Beni, joto linapanda, na watu huanza kuvua makoti na kutofautiana. Wao walitofautiana kuhusu kile kimya cha katikati ya wimbo. Mwalimu alisema kwamba hakuna nzi anayeweza kuwaliza watu. Sokulu alisema hata kitunguu kinaweza.

Kwenye bariere ya chini ya mteremko askari walitusimamisha. Mmoja alipanda juu ya magunia, akaona lile gunia lenye umbo la ajabu magotini mwa Sokulu, akaelekeza bunduki.

"Papa, oyo nini?"

Nilieleza kwamba ni tarumbeta. Alitazama domo lake kama mtu aliyewahi kuona vitu vingi vyenye domo. Akataka ipigwe, kama kweli ni ya kupigwa, na wenzake kule chini wakasema muzee apige kitu cha kucheza.

Sokulu alisimama juu ya viazi, mwalimu wa kwaya akamshika kiuno asianguke. Akapiga nzi. Sikuwahi kuusikia hivyo, kwa mwendo wake wenyewe, kwa shaba yenyewe: mwepesi, mkorofi, kifua mbele. Askari wawili walianza kuyumbisha mabega. Hata mwalimu, naona aibu kumsema, alianza kutikisa shingo. Lakini yule aliyekuwa juu ya magunia alivua kofia yake. Aliishika kifuani, na uso wake ulibadilika polepole, mpaka wenzake wakaacha kucheza.

"Iyi njo wimbo balizika nayo yaya yangu," alisema, akimaanisha ndugu yake mkubwa. "Juu ya nini unaikimbiza?"

Nilimtazama Sokulu. Alikuwa amengoja miaka arobaini mtu wa kumuuliza swali hilo, na jibu lake nilikuwa nalijua neno kwa neno, pamoja na nzi, sahani na sabuni. Nilishika ukingo wa lori.

"Nilikuwa na woga, mwanangu," Sokulu akasema.

Akapuliza tena tangu mwanzo, polepole, kama kwaya, kama mtu aliyebeba kitu kizito. Alipofika kwenye kimya, askari aliinamisha kichwa, na sisi sote tukainamisha. Kisha yule kijana akavaa kofia, akateremka, akatuondolea gogo la njia bila kuomba hata kiazi.

Lori likaondoka. Mwalimu hakujisifu, ingawa ingemfaa. Mwishowe nilimuuliza Sokulu kama anataka turudi nyumbani tuache wimbo ulivyo. Nilitumaini atasema ndiyo.

"Ile pale ilikuwa ya yaya yake," alisema. "Lakini ni mimi nilimupatia."

Ofisi ya Hadji ilinuka kakao iliyoanikwa na mafuta ya gari. Simu haikukubali kusema chini ya paa, kwa hiyo ilikuwa imewekwa uani, juu ya pipa, kati ya lori lililofunguliwa tumbo na jingine lililopandishwa juu ya mawe. Hadji aliichomekea kipaza sauti kidogo; alisema katika biashara yake si vizuri mtu mmoja peke yake asikie. Madereva na mafundi walikaa juu ya matairi, kwa sababu walikuwa wameambiwa kwamba mzee wa Butembo amekuja kumshitaki Padri kwa simu. Hadji alimpa Sokulu kiti cha pekee chenye mgongo, na chai ya tangawizi. Mwalimu wa kwaya alisimama, mikono nyuma, kama kwenye mtihani wa serikali.

Simu ililia. Sauti ya mwanamke ilisema kwa Kifaransa kwamba yeye ni muuguzi, na kwamba mon père, yaani Padri, yuko hapa karibu naye, amevaa vizuri, ila tusitegemee mengi. Siku hizi hakumbuki mtu yeyote. Hata yeye muuguzi, Padri humwita kwa jina la mbwa aliyekuwa naye utotoni. Niliwatafsiria wenzangu yote isipokuwa mbwa.

Kisha tukasikia pumzi ya mzee. Nilimsalimu kwa Kifaransa, nikajitambulisha, nikataja Butembo, misheni, orkesta. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama supu imekuja. Nilijaribu Kiswahili. Aliuliza tena habari ya supu, safari hii akiwa na wasiwasi kidogo.

Mwalimu wa kwaya alininong'oneza, bila ubaya, "Sasa shahidi njo huyu?"

Niliona uso wa Sokulu. Sijui kuandika uso ule, na nimejaribu. Alikuwa amekuja juu ya viazi na koti la mtu mwingine kuomba jina lake kwa mtu ambaye hakuwa tena na la kwake. Nilimwambia Hadji kwa ishara kwamba tumalize, tusimsumbue mgonjwa. Lakini Sokulu alikuwa ameshaweka chai chini na kutoa tarumbeta kwenye gunia. Aliinama kwenye simu kama mtu anayeinamia mtoto kitandani.

"Padri," alisema, "tunaanza."

Akapiga. Mwendo wa nzi, hatua fupi fupi, mbele ya lori lililofunguliwa tumbo. Mafundi walicheka mara moja kisha wakaacha. Kwenye kipaza sauti hapakusikika kitu, hata pumzi. Wimbo ulipanda, ukapanda, ukafika pale katikati, na Sokulu akanyamaza kama alivyonyamaza siku zote.

Ndani ya kimya hicho, kutoka Ulaya, Padri alitukana.

Lilikuwa neno la Kiflamandi, lugha ya kwao, fupi, lenye nguvu. Sikulielewa, lakini muuguzi alilielewa, maana tulimsikia akishtuka. Likafuata la pili, na la tatu, refu zaidi, ambalo nadhani lilihusu mama wa mtu. Kisha ile sauti iliyokuwa inaomba supu ikatoka nyingine kabisa, ya mtu mwenye nguvu na haraka, kwa Kiswahili chetu cha zamani cha misheni.

"Imekatika tena! Iyi mashini ya shetani! Batu bakae chini. Mungoje, mungoje, ninaitengeneza." Tukasikia vidole vikipapasa kitu, labda blanketi. "Na wewe, wa tarumbeta. Usipige bado. Wimbo yako itafika mbele ya nzi. Ungoje."

"Tunangoja, Padri," Sokulu akasema.

 Nilielewa polepole, kama kawaida ya waliosoma. Filamu ilikuwa inakatika. Kila Jumapili, mahali palepale, nzi akiwa ukingoni mwa sahani, filamu ilikatika, na Padri akaiunganisha kwa gundi huku akitukana gizani, na nyuma ya shuka babu yangu alisimamisha orkesta mpaka mwanga urudi. Ilipozoeleka, akaiandika ndani ya wimbo. Kila jeneza la Butembo lilikuwa limesubiri kwa heshima Padri amalize matusi yake.

"Na mikono?" nilimuuliza Sokulu kwa kunong'ona. "Ulisema nzi alikuwa anasugua mikono."

"Nzi naye alikuwa anangoja," alisema. "Utafanya nini na mikono, ukingoja?"

Mwalimu wa kwaya alikuwa amefumba macho. Nilidhani anasali, na labda alikuwa anasali. Alipoyafumbua alitoa ule ukurasa kwenye bahasha, akauweka juu ya pipa kando ya simu, akatafuta kalamu mifukoni mwake kote. Hadji alimpa ya kwake. Akafuta jina la Padri kwa mstari mmoja ulionyooka, wa mtu wa hesabu.

"Padri amesema 'wimbo yako'," alisema, si kwangu, si kwa mtu. Halafu akamgeukia Sokulu kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia kwake. "Chef, jina yenu munaiandika na y ao na i?"

 Sokulu alinyanyua kidole kimoja kumwonyesha kwamba asubiri. Midomo yake ilikuwa tayari kwenye shaba, macho kwenye simu. Mwalimu akasubiri, kalamu hewani. Madereva wakasubiri. Muuguzi huko kwao, ambaye hakuelewa neno hata moja, naye akasubiri.

"Haya," Padri akasema. "Inatembea."

Na Sokulu akaondoka na nzi wake, mbio.